STESHENI YA KILOSA: TUSINGOJE ALAMA YA X

Ndugu msomaji, kabla hatujafika mbali nikuulize swali moja tu. Stesheni ya reli ya Kilosa ni mali ya nani?

Usikimbilie kujibu. Ukisema ni mali ya shirika la reli, nitakuuliza shirika lipi. Mjerumani alianza kujenga reli ya kati pale Dar es Salaam mwaka 1905 na kuikabidhi kwa kampuni yake. Mwaka 1916 Mwingereza akamfurusha, reli ikawa ya jeshi, halafu ikawa Reli ya Tanganyika. Mwaka 1948 ikaunganishwa na ya Kenya na Uganda, vibao vikabadilishwa vikasomeka Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Mwaka 1969 bandari zikatengwa na reli. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, tukapata TRC. Oktoba 2007 wakaletwa RITES kutoka India, wakapewa asilimia 51 na mkataba wa miaka 25, serikali ikajibakizia 49, kibao kikawa TRL, na njia yenyewe na mali zake zikawekwa chini ya kitu kinaitwa RAHCO. Mkataba huo wa miaka 25 haukufikisha hata mitano. Mwaka 2017 ikapitishwa sheria nyingine, RAHCO na TRL vikaunganishwa, na tukarudi kwenye jina la TRC kana kwamba hakuna lililotokea.

Hayo ni mabadiliko ya majina mengi kuliko ya mtu anayekimbia madeni. Na katika makabidhiano yote hayo walihesabiana injini, mabehewa na hasara. Mwananchi wa Kilosa, ambaye mji wake umelelewa na filimbi ya treni, hakuitwa hata kushuhudia.

Nauliza swali hili leo kwa sababu wakati wake umefika. Tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Tarehe 25 Julai mwaka huo huo ikafika Dodoma, na tarehe 1 Agosti Rais Samia akaizindua rasmi. Kilosa imepata stesheni mpya ya SGR, na milima yake imetobolewa mahandaki ili treni ipite kwa kasi. Mimi si mjinga wa kulaani treni nzuri. Nimeipanda, nimekaa kwenye kiti laini, nimenyamaza kama wengine. Lakini abiria akihamia kule, kule kwa zamani panabaki na nani? Panabaki na mlinzi mmoja, popo, na macho ya watu wanaojua bei ya kilo ya chuma chakavu.

Nataka tuelewane hapa ili kesho nisiitwe mzushi. Sijaona tangazo lolote la kubomoa wala kuuza stesheni ya zamani ya Kilosa. Hakuna. Ndiyo maana naandika sasa. Katika nchi hii tangazo likishatoka, mwananchi tayari amechelewa. Waulize waliokuwa na vibanda na nyumba kando ya reli mwaka 2017, walioamka asubuhi wakakuta X nyekundu ukutani. X haina mjadala. X haiandikwi na sababu pembeni.

Na mfano wa kuuza tunao. Kuanzia mwaka 2002, enzi za "uwazi na ukweli", serikali hii ya CCM iliuza nyumba za serikali zaidi ya 7,000. Zilikuwa nyumba za umma, baadhi yake kwenye viwanja vya thamani katikati ya miji, na wengi wa walionunua walikuwa ni watumishi wa serikali hiyo hiyo. Baadaye walipohitaji nyumba za watumishi wapya wakaanza kujikuna vichwa. Basi mtu aliyeuza nyumba anayoishi jaji, utaniambia atashindwa kuuza kota ya mtu wa genge la reli?

SHERIA INAYOISHIA MWAKA 1863

Wakubwa watatuambia tusiwe na wasiwasi, majengo ya kihistoria yanalindwa na sheria. Haya, tuifungue hiyo sheria.

Tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ikafanyiwa marekebisho mwaka 1979. Jengo linalopata ulinzi wa moja kwa moja chini ya sheria hiyo ni lile lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Hujakosea kusoma, ndugu yangu. Elfu moja mia nane sitini na tatu. Mwaka huo nchi hii haikuwa na reli hata ya urefu wa mkeka. Mjerumani hakuwa amepandisha bendera yake popote. Hivyo kila stesheni, kila karakana, kila tangi la maji la injini za mvuke, kila kota ya reli kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma na kutoka Tanga hadi Arusha, vyote viko nje ya uzio huo.

Mlango uliobaki ni mmoja. Waziri mwenye dhamana anaweza, kwa tangazo la Gazeti la Serikali, kulitangaza jengo au eneo la baada ya hapo kuwa kumbukumbu ya taifa inayolindwa. Hahitaji mfadhili wala mkopo wa Benki ya Dunia, na hahitaji semina ya siku tatu yenye posho. Anahitaji kalamu. Kwa Kilosa tunaomba kalamu hiyo.

Serikali ikitaka, kukumbuka inajua. Mwaka 2006 ilipeleka UNESCO jina la njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, ikataja na Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara. Nawapongeza, na hilo silisemi kwa kejeli. Mamboya si mbali na huku kwetu. Lakini kilichoimaliza misafara ile ya wapagazi, mtu na mzigo kichwani miezi mitatu njiani, ni reli hii ya kati. Tunaitunza njia aliyopita mtumwa, halafu tunaiacha njia aliyoijenga mjukuu wake kwa kodi na kiboko?

"VITU VYA MKOLONI"

Hapo ndipo utamsikia mpambe anasimama: achaneni na vitu vya mkoloni! Maneno hayo nimeyasikia kwenye kikao kimoja cha kata kutoka kwa mtu aliyevaa shati la kijani, na nusu ya waliokuwepo wakapiga makofi. Naomba nimjibu taratibu.

Mkoloni alileta nini? Alileta mhandisi, mkandarasi, chuma na hesabu. Hakuleta mikono. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1898, na asiyekuwa na rupia za kulipa alilipa kwa jasho. Mwaka 1905, mwaka ule ule reli inaanza Dar es Salaam, ndipo vita vya Maji Maji vilipolipuka kusini, na moto wake ukafika hadi huku wilayani Kilosa. Sasa pima mwenyewe. Watu waliokuwa wanapigwa risasi kwa kukataa kazi za Mjerumani, na watu waliokuwa wanabeba udongo wa tuta la reli ya Mjerumani, ni watu wa nchi moja na miaka ile ile. Reli ikaingia Morogoro Desemba 1907. Ikafika Dodoma mwaka 1910, Tabora 1912, na Kigoma Februari 1914, kilomita 1,252 kutoka baharini. Kilosa ipo katikati ya Morogoro na Dodoma, kwa hiyo hesabu ya lini wazee wetu walikuwa wanavunja mawe hapa unaweza kuifanya bila kalamu.

Walikuja Wanyamwezi na Wasukuma, watu waliozoea safari za mbali, wakafanya kazi bega kwa bega na wenyeji. Wakandarasi wadogo wengi walikuwa Wagiriki. Wale watu wakitoka kwenye tuta, wengine hawakurudi kwao, na ndiyo maana ukitaja makabila ya Kilosa mjini unaweza kumaliza vidole vya mikono na miguu. Reli iliyalundika makabila hayo kwenye kota moja, bomba moja la maji, kabla chama chochote hakijazaliwa kuja kujisifia kuwa ndicho kilichotuunganisha.

Na kuna lingine linalowapita wengi. Ile meli ya Ziwa Tanganyika, MV Liemba, iliyoitwa Götzen enzi za Mjerumani, iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha yapatayo 5,000 na kuletwa Dar es Salaam. Kutoka pale ilisafiri kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Hapakuwa na njia nyingine ya reli. Yale makasha yalipita Kilosa. Meli nzima ilipita mbele ya stesheni hii ikiwa imelala ndani ya mabehewa, na leo mtoto wa shule ya msingi iliyo jirani na reli hajawahi kuambiwa.

Agosti 1916 Waingereza waliingia Kilosa. Wajerumani walirudi nyuma huku wakilipua madaraja ya reli, na madaraja hayo yakatengenezwa tena na mikono ile ile. Mzungu mmoja anabomoa, Mzungu mwingine anaamuru pajengwe, Mswahili anabeba jiwe mara mbili. Hicho ndicho "kitu cha mkoloni" anachotaka tukitupe.

SIKU 82 AMBAZO CHAMA HAKIZITAJI

Sasa nafika mahali ambapo pananifanya niamini kwamba kusahaulika kwa stesheni si bahati mbaya.

Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli wa Tanganyika waligoma siku 82. Wahesabie. Ni karibu miezi mitatu bila mshahara, watoto nyumbani, mkoloni bado yuko madarakani. Chama chao kiliitwa Tanganyika Railway African Union na katibu mkuu wake alikuwa Christopher Kasanga Tumbo. Katika kuutikisa utawala wa Mwingereza, ni migomo michache iliyofikia ule.

Uhuru ukaja. Mwaka 1962 Tumbo akapelekwa London kuwa balozi. Mwaka huo huo akajiuzulu, akarudi nyumbani na kuunda chama cha upinzani, People's Democratic Party, kwa sababu aliona nchi inapelekwa kwenye mfumo wa chama kimoja. Mwaka huo huo pia bunge letu changa lilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi na sheria ya kubana migomo. Tumbo akakimbilia Kenya. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 alikamatwa huko, akarudishwa, akawekwa ndani. Vyama vya wafanyakazi vikafutwa mwaka 1964 na badala yake ikaundwa NUTA, mtoto wa chama tawala.

Umeona sasa? Historia ya reli ya kati ina mgomo ndani yake, ina mpinzani ndani yake, ina kizuizini ndani yake. Ni historia ya watu waliosema "hapana" kwa mkoloni, na kiongozi wao akasema "hapana" nyingine miaka miwili baadaye. Nyumba iliyofanyiwa mkutano wa TANU hukosi kuiona imewekewa kibao na kupakwa chokaa. Stesheni za wagomaji nani aziwekee kibao?

Nisije nikaonekana napiga upande mmoja. Hata sisi wa upinzani tuna deni hapa. Nimesoma ilani zetu za uchaguzi zaidi ya moja, zimejaa katiba, ajira na tume huru, na hayo ni ya haki. Lakini Tumbo na wenzake hatuwataji hata pale tunapohitaji kuonyesha kuwa upinzani nchi hii haukuanzia mwaka 1992. Tumewaachia wenye chama chao watuandikie na sisi historia yetu.

MZEE NA KARATASI YAKE

Nilikaa na mzee mmoja pale Kilosa, gadi mstaafu. Jina lake nalihifadhi. Nilimkuta barazani anasikiliza redio, nikamwamkia, akanikaribisha kigoda. Nilitegemea atanieleza habari za taa na bendera na kengele ya stesheni. Alinieleza kidogo, kisha akaingia ndani, akatoka na bahasha ya khaki iliyofungwa na mpira wa baiskeli.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "unaniuliza habari za nyumba ile. Nyumba si kitu. Kitu ni hii."

Ndani mlikuwa na barua ya kuajiriwa, ya enzi za Jumuiya.

Wazee wetu wanajua anachokisema. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Mgawanyo wa mali na madeni ulikubaliwa na nchi tatu mwaka 1984. Na bado wastaafu wa Tanzania walizungushwa miaka na miaka, wakafungua kesi, wakalala barabarani Dar es Salaam na nywele zao nyeupe wakidai haki yao, hadi yakaja makubaliano ya mahakamani ya mwaka 2005, na hata baada ya hapo malalamiko hayakuisha. Katika safari yote hiyo swali la kwanza lilikuwa moja: una karatasi?

"Nilikuwa nayo," mzee akasema. "Mwenzangu tuliyeanza kazi siku moja hakuwa nayo. Ilibaki ofisini. Akaambiwa akaitafute ofisini. Ofisi ikamwambia majalada yaliliwa na mchwa."

Nikamuuliza, "Babu, huyo mwenzako akafanyaje?"

"Alikufa," akanijibu, na akarudi kwenye redio yake.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ninaposema tutunze stesheni usinielewe kwamba naililia paa na matofali. Naililia leja ya mishahara, kitabu cha mahudhurio, jalada la mtu aliyekatwa mguu kazini, ramani ya viwanja vya kota. Siku stesheni inafungwa, karatasi hizo ndizo za kwanza kuchomwa moto nyuma ya jengo, kwa sababu hakuna anayeona faida yake, na kwa sababu mara nyingine yupo anayeona faida ya kupotea kwake. Tuna Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Ije na gari, ichukue, iorodheshe.

Kuna elimu nyingine pia imo humo. Kila mtu wa reli anajua kipande cha Kilosa hadi Gulwe ni kipande korofi. Reli imebanana na mto bondeni, na mto ukikasirika unaondoka nayo. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliing'oa njia, treni za kwenda bara zikakatika kwa miezi, na maelfu ya wananchi wa Kilosa wakaishi kwenye mahema. Wajapani wakaja kupima. Vizuri. Lakini watu wa genge waliotembea kwa miguu juu ya njia ile tangu enzi za Mjerumani walikuwa wanajua kona gani inazama na mwezi gani, na walikuwa wanaandika taarifa zao. Ziko wapi taarifa hizo? Mtaalamu wa kigeni analipwa kwa dola ili aje agundue upya jambo ambalo mzee wa genge aliliandika kwa penseli.

Tazama na tawi la Kidatu, lililotoka hapa Kilosa kwenda kusini kwenye miwa ya Kilombero miaka ya 1960. Baadaye likaja TAZARA, likapita Kidatu likielekea Zambia. Reli mbili zinakutana pale na haziwezi kupeana mkono: yetu ina upana wa milimita 1,000, ya TAZARA 1,067. Milimita 67, upana wa vidole vinne! Kwa sababu ya vidole vinne mzigo ulibidi ushushwe na kupakiwa tena. Wanafunzi wetu wa uhandisi wangeletwa Kilosa na Kidatu waoneshwe kosa hilo kwa macho, lingewafaa kuliko vitabu vingi. Pale pangetosha kuwa darasa.

MLIMA WETU UKO NAIROBI

Ukitaka kuona aibu yetu vizuri, panda basi uende Nairobi. Wakenya walifungua makumbusho yao ya reli mwaka 1971, jirani kabisa na stesheni yao. Wameweka hata lile behewa ambalo simba wa Kima alimtoa Mzungu mmoja ndani yake mwaka 1900. Mtu analipa kiingilio anakwenda kuangalia behewa aliloingia simba!

Lakini nenda mbele kidogo, simama mbele ya injini zile kubwa za mvuke za miaka ya 1950, zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Soma majina. Moja inaitwa Mount Gelai. Nyingine inaitwa Mount Shengena. Gelai iko Kenya? Gelai iko kwetu, karibu na Ziwa Natron. Shengena iko Upareni. Nikiri kwamba injini hizo zilifanya kazi upande wa Mombasa na Nairobi, kwa hiyo si kwamba wametuibia. Ninachosema ni kwamba majina ya milima yetu yamehifadhiwa na jirani, yamepakwa rangi, yanafutwa vumbi, na mtoto wa Same akitaka kuona mlima wa kwao umeandikwa kwenye chuma lazima avuke mpaka.

Wapo watakaoniambia: kijana, watu wanataka dawa hospitalini na wewe unatuletea habari za makumbusho. Hoja hiyo naiheshimu inapotoka kwa mama anayepanga foleni zahanati. Inapotoka kwa kigogo mwenye gari la kutumia mafuta ya serikali, siiheshimu. Kwanza, tangazo la waziri halinunuliwi kwa fedha za dawa. Pili, mji kama Kilosa unakula kwa wageni. Mama zetu walilisha watoto kwa kuuza chai, maandazi na ndizi madirishani pa treni, kama wenzao wa Saranda walivyojulikana nchi nzima kwa kuku wao. Treni ya umeme dirisha halifunguki. Hao akina mama watauza wapi? Stesheni ya zamani ikitengenezwa, ikawa na chumba cha kumbukumbu na uwanja wa soko dogo mbele yake, abiria wa SGR atakuwa na sababu ya kushuka Kilosa. Ikiachwa, atapita akiwa usingizini.

Na muda hauko upande wetu. Mjerumani alitandika mataruma ya chuma kwa sababu aliona mchwa wa nchi hii watamaliza ya mbao. Mchwa wakashindwa kweli. Lakini amezaliwa mchwa mwingine, huyu ana mizani na lori, na chuma anakila. Anaanza na boliti moja.

Sasa tufanye nini? Mimi na vijana wenzangu watatu, tena mmoja ni mwanachama hai wa CCM na sikumfukuza, tumeandika barua. Inamwomba waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale atumie uwezo alionao kisheria kuitangaza stesheni ya Kilosa, na viwanja vyake na kota zake, kuwa eneo linalolindwa. Inaomba, kabla ya hapo, ifanyike orodha ya wazi: jengo gani ni la mwaka gani, nani anaishi ndani yake, kipi kimeng'olewa na nani alitoa kibali. Inaomba majalada yote yakabidhiwe Nyaraka za Taifa kwa hati, siyo kwa maneno. Na inaomba kwamba wanaoishi kwenye kota wasiguswe mpaka orodha hiyo isomwe hadharani. Nakala inakwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa mbunge, na kwa uongozi wa shirika la reli.

Diwani mmoja tuliyemwonyesha alisoma mpaka mwisho, akaikunja vizuri, akaturudishia. Akasema atasaini wengine wakishasaini.

Mpaka siku naandika makala hii kuna sahihi 61. Ya kwanza ni ya yule mzee wa bahasha ya khaki, ameandika na namba yake ya kazi ya Jumuiya pembeni, anaikumbuka kwa kichwa. Karatasi iko kwa fundi cherehani mkabala na soko, kila siku isipokuwa Jumapili, kuanzia saa mbili asubuhi. Kalamu njoo nayo. Ya kwetu imekwisha wino.